Mkuu, hizo kurasa za pori usiziruke

Acha kwanza, mkuu! Umeuliza kuhusu riwaya za upelelezi za porini: uanze na juzuu lipi, usome kwenye simu au kitabu cha karatasi, na kama ni kweli unaweza kuruka maelezo ya milima na mito ufike haraka kwenye mauaji. Hilo la mwisho ndilo limenifanya niandike, maana ndilo lililoniharibia riwaya bora kuliko zote nilizowahi kushika.

Nami niliambiwa hivyohivyo. Mchambuzi mmoja wa vitabu, mwenye wafuasi lukuki, aliandika kwamba riwaya za uhalifu za porini zimejaa mapambo, soma mazungumzo tu. Nikamsikiliza. Jina la riwaya sikutajii, usije ukaisoma ukiwa umeshajua. Mwanamke anakutwa amekufa mlimani kwenye theluji, nguo zake zimetapakaa. Kila mtu anamshuku kijana aliyekuwa akimwongoza njia, na mimi nikamshuku hadi mwisho. Mpelelezi alipomwachia huru nilikasirika, nikaona mwandishi amedanganya.

Hakudanganya. Yote yalikuwamo kwenye kurasa nilizoruka. Upepo uligeuka jioni, baridi ikashuka ghafla. Mtu anayekufa kwa baridi, joto la mwili likishateremka sana chini ya nyuzi 35, wakati mwingine huhisi anaungua na kuvua nguo mwenyewe. Madaktari wanalijua jambo hilo vizuri. Na yale marundo ya mawe yanayoonyesha njia? Mwandishi alitumia aya nzima kueleza kwamba ule utando wa kijivu unaoota juu ya mawe ulikuwa umelalia upande wa chini. Utando huo huota taratibu mno, tena huhitaji mwanga. Maana yake kuna mtu aliyahamisha mawe na kuyapanga upya siku si nyingi, akampoteza njia mama wa watu bila kumgusa hata kidole. Hayo ndiyo mauaji yenyewe! Na yule mchambuzi anayaita mapambo. Mpaka leo hajafuta, na watu wanaendelea kumfuata.

Mjini mpelelezi ana kamera na majirani. Porini shahidi ni ardhi. Unyayo wenye alama za matone ndani yake ulikanyagwa kabla ya mvua. Kingo zake zikiwa bado kali, aliyepita hayuko mbali. Nzi huuwahi mwili kukiwa na joto, baridi ikizidi huchelewa, kwa hiyo sentensi moja tu kuhusu hali ya hewa inaweza kuvuruga makadirio yote ya saa ya kifo. Nevada Barr, aliyeanza mwaka 1993 kuandika riwaya za mhifadhi mpelelezi katika hifadhi za taifa za Marekani, alikuwa mhifadhi mwenyewe. Mtu wa namna hiyo akikutajia mto umejaa, ujue kuna anayedai kwamba aliuvuka.

Kwa hiyo chukua karatasi, chora mto, njia na kambi, andika upepo unatoka wapi. Kila mhusika anapodai alikuwa mahali fulani, mpime kwa ramani hiyo. Na ukifika pale mpelelezi anaposimama kutazama bonde bila kusema neno, usifunue ukurasa. Rudia aya hiyo polepole.