Riwaya za Ndugu Cadfael: anzia kitabu cha pili

Mkuu, umeuliza kama riwaya za Ndugu Cadfael, mtawa mpelelezi aliyebuniwa na mwandishi Ellis Peters, zinamfaa mpenzi wa hadithi za upelelezi asiyejua historia ya Uingereza, na kama zinafaa, aanzie wapi. Zinafaa sana. Anzia kitabu cha pili, One Corpse Too Many cha 1979, halafu ndipo urudi cha kwanza.

Cha kwanza kinasimulia masalia ya Mtakatifu Winifred yanavyotolewa Wales kupelekwa abasia, yaani nyumba ya watawa, ya mji wa Shrewsbury, Uingereza. Ni kizuri, ila kinakolea taratibu. Cha pili kinakukamata mapema. Mwaka ni 1138, Mfalme Stephen ameteka ngome ya Shrewsbury na kuwanyonga waliokuwa wakiilinda, jambo ambalo kweli lilitokea. Katika riwaya walionyongwa ni 94. Cadfael anapewa kazi ya kuwasitiri kabla ya mazishi, na akihesabu anapata maiti 95. Kuna mtu ameua, akaichanganya maiti ya aliyemuua na za wale walionyongwa, maana katika msiba mkubwa kiasi kile nani ataketi kuhesabu? Cadfael anakwenda kumwambia mfalme yuleyule aliyetoa amri kwamba mmoja kati ya hawa hakufa kwa hukumu yako. Mimi hapo ndipo nilipokamatika. Nchi inawaka moto, watu wanakufa kwa makundi, na mzee mmoja anasisitiza kwamba huyu mmoja naye ana jina, na aliyemuua atafutwe. Utamu wa mfululizo mzima kwangu uko hapo.

Historia unayohitaji ni fupi. Mfalme Henry wa Kwanza alikuwa na mwana mmoja tu wa ndoa, akafa maji 1120 meli iitwayo White Ship ilipozama. Wakubwa wakaapishwa kumtambua binti yake, Maud, lakini Henry alipofariki 1135 mpwa wake Stephen akawahi kiti. Vita vya ndugu hao vikaendelea kwa miaka mingi, na riwaya zinakwenda navyo kuanzia 1137 hadi 1145. Mwandishi hakulazimishi upande. Waungwana wapo kwa Stephen, wapo kwa Maud, na waovu vilevile.

Cadfael mwenyewe ni Mwelshi aliyepigana Vita vya Msalaba, akawa baharia, akaingia utawani akiwa mtu mzima. Anatunza bustani ya mitishamba na kibanda cha dawa. Hakuna maabara wala alama za vidole, kwa hiyo anachunguza harufu, doa la mafuta kwenye nguo, jani lililonasa mahali lisipoota. Kwenye kitabu cha tatu, Monk's-Hood, dawa ya kuchua viungo aliyoitengeneza kwa mikono yake inatiwa kwenye chakula cha mtu, naye anaitambua sumu yake mwenyewe. Ellis Peters, ambaye jina lake halisi ni Edith Pargeter, aliwahi kufanya kazi katika duka la dawa, na kwa kweli inaonekana. Alizaliwa 1913 hukohuko Shropshire, kaunti yenye mji wa Shrewsbury, ndiyo maana mto na vichochoro vya Shrewsbury anavieleza kama mwenyeji.

Maisha ya abasia yasikutishe. Waliowahi kufika abasia za Peramiho au Ndanda, Tanzania, watayatambua upesi, kwa sababu kanuni ni ileile ya Mtakatifu Benedikto: kengele, masifu, kazi za mikono, abati na watu wake.

Nikosoe kidogo. Karibu kila kitabu kina kijana na binti wanaopendana, na ukishasoma vitatu vinne utawajua toka wanapoingia. Kiingereza chake nacho kina maneno ya kale na sentensi ndefu, hivyo kurasa za mwanzo soma polepole. Kuna tamthilia ya televisheni, Derek Jacobi anacheza vizuri mno, lakini itazame baadaye, isije ikakuharibia mafumbo.

Riwaya zote ni 20. Katikati unaweza kurukaruka, ila cha sita, The Virgin in the Ice, usikiruke. Kina jambo la Cadfael binafsi ambalo linamfuata hadi kitabu cha mwisho cha 1994, na ukisoma hicho cha mwisho bila cha sita hutaelewa kwa nini mzee yule anafanya anachokifanya.