Kalsiamu Huwekwa Mwisho: Kwa Wanaoanza Maabara ya Ubongo

Wadogo zangu mnaojiandaa kuingia maabara ya ubongo, hasa mnaokuja huku Ujerumani, dada yenu anaanza na keki. Seli zitafuata.

Nilipofika Göttingen kutoka Morogoro, niliona keki ya saa tisa alasiri ni kupoteza muda. Kila wiki hakukosi sababu: huyu kazaliwa leo, makala ya yule imekubaliwa na jarida, mwingine anamaliza mafunzo kwa vitendo. Mimi nabaki kwenye kiti changu, nasoma. Kijerumani kilikuwa kinanipiga chenga, na kukaa meza moja na profesa nikamwita kwa jina lake la kwanza, bila hata shikamoo, ulimi uligoma. Basi nikajitenga, na kujitenga kukanila karibu miezi miwili ya kazi.

Kazi yenyewe ni hii. Ubongo wa panya hukatwa vipande vya mikromita 300, yaani unene wa karatasi tatu za daftari zikiwekwa pamoja. Vipande hivyo hubaki hai kwa saa kadhaa ndani ya maji yenye chumvi na sukari, yaliyotengenezwa yafanane na maji yanayouzunguka ubongo, huku yakipulizwa gesi: oksijeni asilimia 95, kaboni dayoksaidi asilimia 5. Unaweka kipande chini ya hadubini, unashusha mrija wa kioo wenye ncha ya kama mikromita moja mpaka uguse seli moja, kisha unafyonza kidogo sana kwa mdomo kupitia mpira mwembamba. Utando wa seli ukiganda vizuri kwenye kioo, ukinzani wa umeme unaruka kutoka megaomu tano hivi hadi kupita gigaomu moja, yaani megaomu elfu, na kuanzia hapo unausikia umeme wa seli hiyo peke yake. Njia hii imezaliwa mji huu huu. Wanasayansi Erwin Neher na Bert Sakmann walichapisha matokeo yao ya kwanza mwaka 1976, na mwaka 1991 wakapewa Tuzo ya Nobel.

Sasa mimi seli zangu zilikuwa zinakufa. Kila asubuhi napima chumvi zote, namimina zote kwenye maji, na kloridi ya kalsiamu humo humo, ndipo nafungua gesi. Mara maji yanakuwa meupe kama tui jepesi. Namwaga, naanza upya. Siku nyingine weupe ulikuwa hafifu mno hata sikuuona, nikayatumia, na kabla ya saa sita mchana seli zote zimevimba. Daftari la maabara liliorodhesha chumvi na uzito wake, basi. Sikumwambia mtu. Niliogopa wataniona sikustahili nafasi ile.

Alhamisi moja fundi sanifu wetu, mama wa makamo aliyekuwa maabara ile miaka mingi kuliko profesa, akaja mezani kwangu na sahani mkononi. Leo nimezaliwa, akasema, na wewe utakuja. Kumkatalia mtu mzima nikaona haya. Tulipoketi akaniuliza maji yangu yanaendeleaje. Kiingereza cha kueleza ule weupe kikanipotea, nikasema tu yanageuka tui. Hapo ikabidi nieleze tui ni nini: nazi, mbuzi ya kukunia, kifumbu, unavyokamua mara ya kwanza na ya pili. Wote wakanyamaza wanasikiliza. Yeye akaweka uma chini. "Gesi unafungua lini?"

Gesi kwanza, akanifundisha. Dakika kumi na zaidi, mpaka pH, kipimo cha uasidi, ishuke karibu na 7.4, ndipo kalsiamu, na kalsiamu huwa ya mwisho. Ukiiwahisha inashikana na bikaboneti na fosfeti, inatuama kama vumbi, na seli haziipati. Ijumaa mchana nikaishika seli yangu ya kwanza iliyo hai. Namba ilipopanda kwenye skrini machozi yalinitoka.

Hakuna aliyekuwa amenificha. Kila mtu alilijua jambo hilo muda mrefu kiasi kwamba hakuna aliyekumbuka kuliandika, na maabara imejaa mambo ya namna hiyo. Hayasemwi kwenye kikao cha Jumatatu, maana pale kila mmoja anaonyesha kilichofaulu. Yanasemwa watu wakiwa na kikombe mkononi. Kwa hiyo nendeni, hata kama lugha bado, hata kama kazi imewalemea siku hiyo.

Mila zao mzijue. Huku mwenye siku ya kuzaliwa ndiye anayeleta keki, usikae ukisubiri kuletewa. Usimpongeze mtu kabla siku yenyewe haijafika, wengi wanaona ni kumtakia nuksi. Ilipofika zamu yangu nilikaanga maandazi ya iliki usiku kucha, na hadi saa nne asubuhi sinia lilikuwa tupu. Makala ikikubaliwa watafungua mvinyo. Kama hunywi, shika juisi yako, simama nao. Chakula kisivuke mlango wa maabara kamwe, hata pipi.

Na panya. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2010 inataka ufundishwe kabla ya kumgusa mnyama, na mafunzo hayo yachukulieni kwa uzito. Mara ya kwanza moyo utauma. Mwambie mwenzako. Binafsi sipendi vicheko karibu na chumba chao. Tunapokwenda kumtoa mnyama uhai, twende kwa utulivu.

Msisubiri makubwa ndipo mfurahi. Makala inaweza kuchukua miaka minne, na majaribio mengi hayafiki popote. Seli iliyokaa saa moja bila kufa, ifurahieni siku hiyo hiyo.

Ukishatetea tasnifu, wenzako watakutengenezea kofia ya udaktari kwa mikono yao, kila mmoja akibandika kitu kinachokuhusu. Yangu ilikuwa na mirija ya kioo, panya wa kitambaa, picha ya seli ile ya Ijumaa, na juu kabisa kifuu cha nazi. Yule mama alinunua nazi nzima apate kifuu chake. Kisha wakanipakia kwenye mkokoteni uliopambwa, wakanivuta mpaka uwanja wa mji, kwenye chemchemi ya Gänseliesel, sanamu ya msichana mchunga mabata bukini iliyosimamishwa mwaka 1901. Daktari mpya humpelekea maua na kumbusu. Mwaka 1926 mamlaka zilipiga marufuku, watu wakaendelea tu. Nikapanda na maua yangu, kifuu kikigonga chuma cha juu, na chini yule mama amenishika kifundo cha mguu nisiteleze.