Jibu: Nimeanguka mara mbili kwenye kurudisha remorke nyuma

Jambo ndugu. Unasema kwenye mtihani wa leseni ya kamyo maswali ya alama za barabara umepita bila shida, ila umeanguka mara mbili kwa sababu ukirudi nyuma kati ya koni remorke (trela inayovutwa na kamyo) inakunjika. Mimi nilianguka hapo hapo, hapa Lubumbashi, kabla sijaanza kupiga njia ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia.

Kwanza angalia mkono wako uko wapi. Shika usukani chini kabisa, karibu na tumbo. Mkono ukienda kushoto, mkia wa remorke nao unaenda kushoto. Ukishika juu, unazungusha kinyume bila kujua. Mwalimu wangu alinifungia kitambaa chekundu pale chini kwenye usukani. Niliona haya, lakini kilisaidia.

Halafu zungusha kidogo, mapema, na urudishe usukani kabla remorke haijafika unapotaka. Kioo kimoja kikijaa remorke na kingine hakionyeshi kitu, umeshachelewa: simama, songa mbele mpaka inyooke, anza upya. Uliza mapema unaruhusiwa kusonga mbele hivyo mara ngapi.

Usidanganywe na remorke fupi. Inageuka haraka kuliko ndefu. Na kama kamyo ya mtihani ina usukani wa kulia, kama nyingi zinazotoka Afrika Kusini, fanya mazoezi kwenye hiyo hiyo, maana upande usiouona umehama.

Lingine dogo: usiondoke kabla upepo wa breki haujajaa na mlio wa onyo kunyamaza, maana bila upepo breki haziachii. Mwenzangu mmoja alikanyaga mafuta wee, kamyo imekwama, jasho linamtoka.