Njaa ya Kivu haingoji aplikasio yako

Kijana moja wa Kadutu, mutaa ya Bukavu, alinitumia odio ndefu wiki hii, anasema anatengeneza aplikasio ya kumaliza njaa Congo na anataka nimusaidie kutafuta bafadhili. Nilimusikiliza mpaka mwisho, ana akili sana, lakini mu ile odio yote sikusikia maharagi, sikusikia muhogo, sikusikia jina ya mama hata moja. Namujibu hapa, juu najua muko wengi benye munaota kitu ile ile, hata mimi naiota.

Kwetu Kivu maharagi tunavuna mara mbili. Yenye tulipanda mwezi wa 9 inatoka karibu na Noeli, ya pili inatoka mwezi wa 6. Siku za mavuno kila mutu anauza kwa bei ya kutupa, juu bidudu haingoje: inaanzia kule kule shambani, inaingia na maharagi mu saki, na miezi kidogo nyuma unafungua unakuta matobo na vumbi. Halafu mama mwenye aliuza anarudi sokoni kununua maharagi kwa bei yenye imepanda. Mwaka 2025 ripoti ya IPC, benye banapima njaa mu inchi mbalimbali, ilisema batu karibu milioni 28 mu Congo habapate chakula ya kutosha, na batu banasema ni vita tu. Vita iko, nani asijue? Lakini hata kijiji yenye haijasikia risasi inalala njaa mu miezi ile ya katikati.

Sisi benye tunafanya kazi na bamama tulianza na saki. Si mashini, ni saki ya PICS, yenye batafiti ba Purdue University ya Marekani balianza kazi yake Cameroon miaka ya 1980 juu ya kunde. Ndani kuna mifuko mbili ya plastiki, inje saki ya kawaida. Unajaza, unasukuma hewa itoke inje, unafunga kila mufuko peke yake, nguvu. Bidudu inamaliza hewa yenye imebaki, inaacha kula, inakufa. Hakuna dawa, hakuna umeme ya SNEL, kampuni ya serikali.

Lakini maharagi ikauke kwanza! Mama moja aliniambia, “Mwanangu, wewe mutu wa ordinatere utanifundisha kukausha maharagi?” Nikachukua chupa kavu, nikatia maharagi yake na chumvi kavu, nikatikisa, tukangoja dakika kama kumi. Chumvi ikashika kwenye chupa, maana yake maharagi bado iko na maji. Akacheka, akairudisha yote kwenye jua, na leo njo yeye anafundisha bengine na ananiita muwanafunzi wake.

Sasa telefone. Saki haisaidie kitu kama mama anatafuta minervali (feza ya masomo) ya batoto siku ile ile ya mavuno, atauza tu. Njo maana tulifanya likelemba (kila mutu anachanga, moja anapokea kwa zamu) mu grupu ya WhatsApp, makuta inapita kwa telefone (mu 2025 banki zilifunga Bukavu), mwenye zamu yake analipa masomo na saki inabaki imefungwa. Benye bako ku kisiwa ya Idjwi banauliza bei ya soko ya Kadutu mbele ya kupakia mutumbwi. Ni ile tu. Naona fahari sana na sitaficha.

Kisha shirika moja ikakuja. Bakapiga picha, bakafanya atelie mu hoteli, bakagawa tableti na kuzirudisha jioni, na mu ripoti yao ikakuwa “projé yetu”. Hakuna mama hata moja alitajwa. Bado inaniuma.

Kwa hiyo bandugu, anza na kile mutu anakula. Enda shambani, kaa na bamama, uliza makuta inaisha mwezi gani, uliza tena. Mutu asikudanganye na atelie, anza na chakula, maharagi kwanza, code nyuma! Mutu mwenye hajawahi kubeba saki asituletee somo ya njaa.

Na wewe kijana wa odio, kama lazima uandike aplikasio, angalia kwanza aplikasio Nuru ya mradi PlantVillage: inasoma ugonjwa kwenye majani ya muhogo hata bila rezo. Yako inafungua bila mega ya internet? Nijibu hiyo, ya bafadhili tutazungumuza.