Muulize Mwalimu: Nani Aliyeipaka Ramani Rangi Nyekundu?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari. Kitabu chetu kina ramani mbili za dunia, moja ya mwaka 1945 na nyingine ya 1980. Katika ile ya pili, wekundu umetapakaa kutoka Berlin hadi Hanoi, ukavuka bahari hadi Havana na Luanda. Kitabu kinasema Umoja wa Kisovieti ndio ulioeneza ujamaa. Rafiki yangu anabisha, anasema wananchi wenyewe ndio walioutaka. Nani mkweli?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Ramani hiyo naijua vizuri. Niliibandika ukutani mwa darasa miaka mingi nilipokuwa nafundisha historia, na kwa muda mrefu niliifundisha vibaya. Niliwaambia wanafunzi kwamba nchi zilianguka moja baada ya nyingine kama vipande vya domino vilivyosimamishwa mstari. Ndivyo Rais Eisenhower wa Marekani alivyoieleza hali ya Indochina, yaani Vietnam na jirani zake, mwezi Aprili 1954, nami nikakariri. Ubaya wa ramani hiyo ni kwamba rangi ni moja tu. Haikuambii kila nchi ilipakwaje, wala nani alishika brashi.

Tuanze na Ulaya Mashariki, maana huko kitabu chako hakijakosea. Oktoba 1944 Churchill, waziri mkuu wa Uingereza, alikwenda Moscow, na usiku mmoja akaandika kwenye kipande cha karatasi mgawo wa nchi kwa asilimia: Romania 90 kwa Wasovieti, Ugiriki 90 kwa Waingereza, Yugoslavia nusu kwa nusu. Akamsogezea Stalin, kiongozi wa Wasovieti. Stalin akachukua penseli ya buluu, akatia alama ya vyema, akairudisha. Kila nilipofika hapo darasani sauti ilikuwa inanikwama. Mamilioni ya watu walikuwa ndani ya karatasi ile, na hakuna aliyewauliza.

Jeshi Jekundu lilipoifukuza Ujerumani ya Hitler, halikurudi kwao. Katika nchi kadhaa wakomunisti waliingia kwanza kwenye serikali za mseto, na wizara waliyoing'ang'ania zaidi ni ile ya mambo ya ndani, kwa sababu anayeishika ndiye mwenye polisi. Vyama vingine vikamegwa kidogo kidogo hadi vikaisha. Chekoslovakia ilichukuliwa Februari 1948. Hungaria ilipotaka kujitoa mwaka 1956, vifaru viliingia Budapest. Prague ikafuata mwaka 1968. Huko hakuna cha kubisha.

Lakini itazame tena karatasi ile. Ugiriki iliandikwa kwa Waingereza, na Stalin akaiheshimu ahadi yake. Wakomunisti wa Kigiriki walipigana hadi 1949, wakashindwa, na aliyewasaidia zaidi alikuwa jirani yao Tito wa Yugoslavia, si Stalin. Na Tito mwenyewe, ambaye wapiganaji wake ndio waliobeba mzigo mkubwa wa kuikomboa nchi yao, alifukuzwa na kambi ya Moscow mwezi Juni 1948 kwa kukataa kuamrishwa.

Sasa nenda Asia. Agosti 1945 Stalin alitia saini mkataba wa urafiki na serikali ya China ya Chiang Kai-shek, adui wa Mao, kiongozi wa wakomunisti wa China. Mao hakushinda kwa vifaru vya Kisovieti. Alishinda kwa wakulima waliochoshwa na kodi za mashamba, madeni na njaa, na tarehe 1 Oktoba 1949 akatangaza jamhuri mpya mjini Beijing. Vietnam ndiyo inayonigusa zaidi. Tarehe 2 Septemba 1945, mjini Hanoi, Ho Chi Minh alifungua tangazo lake la uhuru kwa maneno ya tangazo la uhuru la Marekani la mwaka 1776. Alimwandikia Rais Truman kuomba msaada, asijibiwe. Na Moscow je? Iliitambua serikali yake Januari 1950, zaidi ya miaka minne baadaye, tena baada ya China kutangulia. Mtu aliyeomba maji kwenye nyumba mbili akafungiwa milango yote miwili, huwezi kumwita mjumbe wa nyumba mojawapo.

Kuba nayo isome kwa tarehe. Castro alishika nchi Januari 1959. Mei mwaka huo ikatoka sheria ya kugawa ardhi, iliyowagusa wenye mashamba makubwa, wakiwemo Wamarekani. Wasovieti walikuja Februari 1960 kununua sukari. Mafuta yao yalipofika, kampuni za kigeni zikakataa kuyasafisha, Castro akataifisha mitambo. Julai Marekani ikapunguza sukari iliyokuwa inainunua kutoka Kuba. Ni tarehe 16 Aprili 1961, kwenye mazishi ya waliouawa viwanja vya ndege vilipopigwa mabomu, ndipo Castro alipoyaita mapinduzi yake ya kijamaa. Kesho yake Wakuba waliokuwa uhamishoni, waliofunzwa na Marekani, wakatua Ghuba ya Nguruwe. Hesabu mwenyewe: zaidi ya miaka miwili tangu ashike madaraka. Kila hatua ya upande mmoja ilimsukuma hatua moja kwenda upande wa pili.

Afrika, mlango ulifunguliwa Lisbon. Ureno ilikuwa mwanachama wa NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, na iligoma kuachia makoloni. Mpigania uhuru wa Msumbiji au Angola angepata wapi bunduki ya kupambana na jeshi la nchi ya NATO? Walipata Moscow, Beijing na Havana. Tarehe 25 Aprili 1974 maofisa wa jeshi la Ureno waliochoshwa na vita hivyo waliipindua serikali yao wenyewe, na hadi mwisho wa 1975 Ureno ilikuwa imeondoka katika makoloni yake yote ya Afrika. Frelimo ya Msumbiji ilijitangaza chama cha Kimarx na Kilenin Februari 1977, MPLA ya Angola Desemba mwaka uleule. Angola ilipovamiwa na majeshi ya Afrika Kusini, wanajeshi wa Kuba walivuka Atlantiki kwa maelfu. Baadaye wakawa wanalinda visima vya mafuta vya Cabinda, jimbo la Angola, vilivyokuwa vikiendeshwa na kampuni ya Kimarekani. Ramani yako haina rangi ya jambo kama hilo.

Rafiki yako naye asishangilie mapema. Afghanistan, Aprili 1978, chama kidogo cha kikomunisti na maofisa wake jeshini walipindua serikali, vijiji vikaasi, na Desemba 1979 jeshi la Kisovieti likaingia. Wakazi wa Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, waliotolewa na wakomunisti majumbani mwao Aprili 1975 wakapelekwa mashambani kwa mtutu wa bunduki, nani aliwauliza wanataka nini? Wengi hawakurudi. Silitaji neno "wananchi" kirahisi tangu nilipojifunza habari zao.

Mwaka 1989 Gorbachev, kiongozi wa Kisovieti, alipoacha ijulikane kwamba vifaru havitakuja tena, tawala za Ulaya Mashariki zilianguka ndani ya miezi. China, Vietnam na Kuba, zilizopigana zenyewe, vyama vyao bado vinatawala. Si kanuni isiyovunjika, maana Yugoslavia na Albania nazo zilijikomboa na bado zikaporomoka. Lakini ningekuwa mtahini wako, hapo ndipo ningetaka uanzie insha yako.

Swali: Mwalimu, kama wote walikuwa wajamaa, mbona Somalia na Ethiopia zilipigana?

Jibu: Nilikuwa mwalimu kijana, nikazipata habari hizo kwenye redio ya masafa mafupi. Somo langu la kesho yake lilikuwa juu ya mshikamano wa nchi za kijamaa, nikalifuta ubaoni. Julai 1977 jeshi la Somalia liliingia Ogaden, eneo la Ethiopia lenye wakazi wa Kisomali. Wasovieti walikuwa na kituo cha kijeshi Berbera, bandari ya Somalia, na washauri Mogadishu, lakini Ethiopia ya Mengistu nayo ilikuwa imegeukia Moscow. Wakachagua Ethiopia, nchi kubwa zaidi. Novemba Siad Barre, rais wa Somalia, akawafukuza Wasovieti, na wanajeshi wa Kuba wakaisaidia Ethiopia hadi Machi 1978 Wasomali walipoondoka. Mwaka 1980 Marekani ikapewa ruhusa ya kuitumia Berbera ileile. Ogaden ilikuwa na umuhimu kwao wote wawili kabla hata ya Lenin kushika madaraka.

Swali: Je, ipo serikali ya mrengo huo wa kijamaa iliyoingia kwa kura?

Jibu: Zipo. Guyana ya Waingereza, 1953: chama cha Cheddi Jagan kilipata viti 18 kati ya 24, Uingereza ikaleta askari na kumwondoa baada ya siku 133. Jimbo la Kerala, India, lilichagua wakomunisti mwaka 1957, serikali kuu ya Delhi ikawaondoa Julai 1959. Salvador Allende wa Chile alishinda uchaguzi wa urais Septemba 1970 kwa asilimia 36 na kidogo, na wabunge wote, hata wapinzani wake, walipiga kura kutaifisha shaba mwaka 1971. Tarehe 11 Septemba 1973 ndege za jeshi lake mwenyewe zililipua ikulu akiwa ndani.