Kabla ya pendekezo, faili kwanza

Wadogo zangu mnaoanza uzamili wa historia mwaka huu, naanza na kosa langu mwenyewe. Nilimwendea msimamizi wangu pale Kampala na mada niliyoiona tamu kweli: historia ya Kiswahili nchini Uganda. Mzee akasoma ukurasa wa kwanza, akavua miwani, akauliza, "Umeona faili ngapi?" Sikuwa nimeona hata moja. Nilikuwa nimesoma vitabu, nimepanga sura sita kichwani, na karibu muhula mzima umeisha nikipamba pendekezo la utafiti lisilo na nyaraka nyuma yake.

Ninyi anzeni kwingine. Wiki ya kwanza, kabla ya kuandika sentensi yoyote, pandeni taksi mshuke Wandegeya, mwende Nyaraka za Taifa. Miaka mingi majalada yale yalirundikwa chini ya jengo la serikali Entebbe. Leo yako jirani na Chuo Kikuu cha Makerere, kwa hiyo wa kule hana kisingizio. Omba orodha ya majalada, kaa nayo siku mbili tatu. Usitafute jibu bado. Angalia tu ni mambo gani watu walibishana sana kwa barua.

Mimi hapo ndipo nilipoukuta mvutano wa mwaka 1927 hadi 1929. Gavana William Gowers alitaka Kiswahili kiingie shuleni na ofisini; Kabaka (mfalme wa Buganda) Daudi Chwa akakataa katakata kisichukue nafasi ya Luganda katika Buganda, na maaskofu wa misheni nao wakapinga. Miaka michache, watu wachache, barua zinazojibizana. Hiyo ndiyo saizi ya tasnifu ya uzamili. Mada yangu ya kwanza niliwaachia maprofesa, wana umri wa kuimaliza.

Ukishaingia kwenye faili, jihadhari na majina. Sisi wa Bombo, mji ulio kaskazini mwa Kampala, ni Wanubi, wazao wa askari waliotoka Sudani, lakini ukitafuta jina hilo katika karatasi za miaka ya 1890 unaweza kutoka mikono mitupu, kwa sababu Waingereza waliandika "Wasudani". Hata maasi ya askari ya mwaka 1897 yanajulikana kwa jina hilo. "Mswahili" naye ni mtego: mara ni mtu wa pwani, mara ni mpagazi yeyote Mwislamu, mara ni mtu tu aliyevaa kanzu. (Babu yangu angeingia kwenye mafungu mawili kati ya hayo, na pwani hakuwahi kuiona.) Wilaya nazo ni hivyo hivyo. Koboko ni wilaya leo. Habari zake za zamani zitafute chini ya wilaya ya West Nile.

Penseli, si kalamu ya wino. Na ukiruhusiwa kupiga picha, picha ya kwanza iwe jalada la nje lenye namba ya faili. Mimi nilirudi nyumbani na mamia ya kurasa kwenye simu, sijui ipi imetoka wapi. Nikazirudia zote.

Kibali cha kamati ya maadili kiombeni mapema, kinachukua muda kuliko mnavyodhani.

Sasa mahojiano, ambako nilijifunza zaidi ya darasani. Wazee wetu hawahesabu kwa tarakimu. Atakwambia "mwaka aliokuja Papa", nawe ujue ni 1969. "Kabaka alipokimbia" ni 1966, "Wahindi walipofukuzwa" ni 1972. Tengeneza kalenda yako ya matukio, iweke mfukoni, na usimkatize mzee kumdai tarehe.

La pili linatuhusu sisi tunaozungumza Kiswahili. Mimi nilidhani lugha yangu ni ufunguo wa kila mlango. Bombo ndiyo, Arua ndiyo. Lakini nilifika kijiji kimoja cha Luweero, nikamsalimia bibi mmoja, "Shikamoo bibi," kwa adabu zangu zote. Akanitazama, akaingia ndani. Baadaye jirani akanieleza kwamba kwa bibi yule Kiswahili ni lugha ya askari waliopita pale wakati wa vita vya miaka ya 1980, wakigonga milango na kuuliza watu wako wapi.

Nikarudi baada ya wiki mbili na binti wa mama mdogo, yeye kalelewa kwa Luganda. Akapiga magoti, akasalimia, "Mwasuze mutya, jjajja." Mimi nikakaa kimya pembeni nikishika kinasa sauti. Bibi akaongea mpaka jioni. Habari za gavana na kabaka hakuwa nazo kabisa. Yeye Kiswahili alikikataa kwa sababu yake mwenyewe.

Nilimpelekea msimamizi mahojiano yale nikihofu kwamba hayaingii popote, maana tasnifu yangu ilikuwa inaishia 1929. Akayasoma mara mbili. Sura ya mwisho tukaibadilisha yote: badala ya kumalizia na barua za kabaka, ikauliza kwa nini watu waliozaliwa baada ya ugomvi ule nao walikikataa Kiswahili, na kama sababu zao zilihusiana hata kidogo na zile za 1929.