Njiwa wanamaliza shamba England? Yatimize haya kabla hujafyatua

Nchini England hakuna ndege wa porini anayeruhusiwa kupigwa kwa sababu tu ni msumbufu. Sheria iitwayo Wildlife and Countryside Act ya 1981 inamlinda kila ndege wa porini, kiota chake na mayai yake, njiwa na kunguru wakiwemo. Mlango wa kawaida wa mkulima ni leseni ya jumla, na hapo ndipo wengi wanapoteleza. Leseni hiyo haiombwi, hailipiwi wala haiandikwi jina la mtu, basi wanadhani haina masharti. Inayo, tena mengi. Ukivunja moja, leseni haikukingi tena: umeua ndege anayelindwa, na adhabu inaweza kufika miezi sita jela, faini isiyo na ukomo, au vyote viwili.

Leseni ziko tatu na kila moja ina kazi yake. GL40 ni ya kuhifadhi viumbe walio hatarini, GL41 ni ya afya na usalama wa watu, GL42 ni ya kuzuia hasara kubwa kwa mazao, mifugo na chakula chake. Mkulima wa kabichi au njegere anaangukia GL42. Huwezi kupiga kwanza, kisha ukatafuta leseni inayokufaa. Tena usitegemee nakala uliyoichapisha miaka iliyopita. Aprili 2019 leseni za zamani zilifutwa kwa taarifa ya siku chache, baada ya Wild Justice, kundi la kutetea wanyamapori, kuzipinga kisheria. Namba hizi za sasa zilianza Januari 2021. Kila msimu fungua tovuti ya serikali, soma upya, angalia tarehe ya mwisho.

Maneno mawili ya GL42 ndiyo mazito kuliko yote: hasara kubwa. Kinyesi kwenye paa la gari si hasara kubwa. Kelele za alfajiri pia siyo. Njiwa mia wakishuka kila asubuhi kwenye miche ya kabichi na kuacha mishipa mitupu ya majani, hiyo inaeleweka. Ila lazima uwe umejaribu njia zisizoua, au uwe na sababu ya kweli kwa nini haziwezekani: nyavu, tiara, sanamu za kutisha, mizinga ya gesi inayotoa mlio wa kuwatisha, mtu wa kuzunguka shamba. Zinashindwa mara nyingi kwa sababu moja tu, zinaachwa palepale. Ndege huzoea mzinga usiohama. Hamisha kila baada ya siku chache, changanya njia mbili au tatu, na usiziache hata ukianza kupiga, maana leseni inataka uendelee nazo.

Andika kila kitu. Daftari la kawaida linatosha: tarehe, saa, idadi ya ndege, sehemu ya shamba, ulichojaribu na kilichotokea. Piga picha ya mche ulioliwa ukiwa karibu, na nyingine ya mstari mzima. Njiwa akishapigwa, pasua gole lake, mfuko wa chakula ulio shingoni; ukilikuta limejaa vipande vya majani ya kabichi yako, lipige picha, kwani picha hiyo ni ushahidi mzuri kuliko maneno.

Halafu mtambue ndege. GL42 inataja, miongoni mwa wengine, woodpigeon (njiwa mkubwa wa porini), njiwa wa mjini, na wa jamii ya kunguru: carrion crow, rook, jackdaw na magpie. Anayewaponza watu ni stock dove, njiwa anayefanana na woodpigeon lakini hayumo kwenye orodha. Wengi hutazama doa jeupe la shingoni, na hilo ni kosa, kwa sababu makinda ya woodpigeon hayana doa hilo. Tazama bawa: woodpigeon akiruka ana mstari mweupe ulio wazi kwenye kila bawa, mkubwa kwa mdogo. Stock dove ni mdogo zaidi na hana weupe wowote. Usipouona mstari, shusha bunduki. Kwa kunguru, jihadhari na raven: ni mkubwa, mkia wake umechongoka kama kabari, naye hayumo.

Ardhi nayo ina masharti. Lazima uwe mwenye shamba, mpangaji wake, au mtu aliyeruhusiwa naye, na ni vizuri ruhusa hiyo iwe kwa maandishi. Kama shamba liko ndani au karibu na eneo la hifadhi, kwa mfano SSSI (eneo linalolindwa kwa umuhimu wake wa kisayansi), uliza kwanza Natural England, shirika la serikali la mazingira.

Bunduki ya marisau inahitaji cheti cha polisi. Ya upepo yenye nguvu isiyozidi futi-pauni 12, karibu jouli 16, haihitaji cheti England, lakini Skotlandi inahitaji tangu mwisho wa 2016. Risasi yake isivuke mpaka wa shamba bila ruhusa ya jirani. Kuvuka tu ni kosa, hata kama haikumgusa mtu. Kwa marisau usipige njiwa zaidi ya mita 35, kwa sababu mbele ya hapo marisau hutawanyika na ndege hujeruhiwa badala ya kufa. Aliyejeruhiwa mfuate mara moja ummalize, kwani leseni inataka kifo cha haraka.

Bata bukini wa Kanada pia wamo kwenye GL42, ila hao usiwapige kwa marisau ya madini ya risasi: yamepigwa marufuku England kwa bata na bata bukini wote tangu 1999. Nunua ya chuma, na umuulize fundi wa bunduki kama mtutu wako unayahimili, hasa ukiwa wa zamani.

Skotlandi, Wales na Ireland ya Kaskazini zina leseni zao na orodha zao za ndege. Shamba likikatwa na mpaka, upande wa pili GL42 haifanyi kazi.